Ukuta wa Kibla

Mjomba wangu alinipigia simu asubuhi moja ya kipupwe, nikiwa ofisini kwangu Raskazone, Tanga, nimetoka tu kufungua madirisha. Aliitikia shikamoo yangu, akaulizia watoto, akaulizia mguu wangu uliokuwa umeteguka, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba msikitini kwao watu walikuwa wanaswali kombo.

Nikamuuliza kombo vipi.

"Safu moja inatazama huku, nyingine inatazama kule," akasema. "Njoo utupimie ukuta, mwanangu. Na uje na vyombo vya baba yako, si hivyo vya siku hizi."

Mimi ni mpima ardhi, na marehemu baba yangu alikuwa mpima ardhi pia. Yeye alikuwa Mbondei wa Muheza, akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Mama anatoka kijiji kimoja kidogo cha pwani, ukishaipita Kigombe kuelekea Pangani, na mjomba ndiye kaka yake mkubwa. Msikiti wa pale kijijini ulipojengwa upya, baba ndiye aliyenyoosha misingi yake. Wakati huo alikuwa kijana, hajamwoa mama bado. Nilikua nikilijua jambo hilo kama mtu anavyojua kisima cha kwao kilichimbwa na nani. Hakuna aliyewahi kunikalisha chini akanisimulia.

Sasa habari yenyewe ilikuwa hivi. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, ni fundi umeme mjini Tanga. Alikwenda kwao kwa sikukuu, akaingia msikitini, akatoa simu yake yenye programu ya kuonyesha kibla. Mshale ukaelekea mbali na mihirabu, pale anaposimama imamu, ukaenda upande wa mashariki, tena si kwa kidogo. Akawaonyesha wenzake. Wengine nao wakatoa simu zao. Hazikukubaliana zenyewe kwa zenyewe, lakini nyingi ziliukana ukuta. Tangu siku hiyo baadhi ya watu wakawa wanatandika mikeka yao mshazari, na waliobaki wakaendelea kusimama kama zamani, ndani ya chumba kimoja, nyuma ya imamu mmoja. Imamu, kijana mpole aliyesomea Pemba, hakutaka kutoa hukumu kwa jambo asilokuwa na hakika nalo. Aliwaomba wasubiri, lakini mikeka haikusubiri.

Mjomba alikuwa amesema mbele ya watu kwamba aliyeunyoosha ukuta ule hakuwa mtu wa kukosea. Mwanawe akajibu, kwa adabu lakini mbele ya watu walewale, kwamba wazee walifanya kwa vyombo walivyokuwa navyo. Tokea hapo baba na mwana hawakusimama tena safu moja.

Nilimwambia mjomba nitakuja, nikakata simu, nikakaa. Ofisini nina mashine ya setilaiti ambayo ingenipa jibu kabla chai haijapoa. Lakini nilielewa kwa nini hakuitaka. Kwa macho yake ile ni simu nyingine tu, kubwa zaidi, imekuja kuongeza ubishi.

Vyombo vya baba viko nyumbani kwangu, juu ya kabati. Kuna dira yake ya shaba yenye kifuniko na kijicho cha kioo, ambayo ukiiweka jichoni unaona alama ya mbali na namba za nyuzi kwa pamoja. Kuna timazi ya kunyooshea wima. Na kuna sanduku la mbao lenye thiodolaiti, ambayo watu wa vijijini waliiita darubini, na hawakukosea sana, kwa sababu ni darubini iliyowekwa juu ya duara la shaba lililogawanywa nyuzi, na duara hilo limekalishwa juu ya miguu mitatu. Unaitazamisha kwenye alama ya kwanza, unasoma namba. Unaigeuza mpaka alama ya pili, unasoma tena. Tofauti ya namba hizo ndiyo pembe. Ilikuwa mali ya shamba la mkonge tangu enzi za wazungu, na shamba lilipofungwa, vitu vikawa vinatupwa, baba akaiomba.

Alinifundisha nikiwa shule ya msingi. Tulianza na dira, na jambo la kwanza aliloniambia ni kuvua bangili. Sikuelewa. Akanionyesha sindano ilivyoyumba nilipoukaribisha mkono wangu, kisha akasogeza panga, ikayumba zaidi. Dira ni mkweli, akasema, lakini husikiliza chuma kilicho karibu kabla ya kusikiliza kaskazini. Thiodolaiti haisikilizi chuma. Haijui hata kaskazini iko wapi. Inajua pembe tu, na hiyo kaskazini ni lazima uitafute wewe uipatie. Tulifanya hivyo mara nyingi kwenye mashamba ya mkonge, ambako mistari ilikwenda mpaka macho yakachoka, na mimi nilikuwa nikisimama mwisho wa mstari na fito ya rangi nyekundu na nyeupe, nikingoja mkono wake uniambie kushoto au kulia.

Nilipofungua sanduku, nilikuta hewa ya bahari imefanya kazi yake. Lenzi ilikuwa na ukungu, na skurubu moja ya kugeuzia ilikuwa imekwama. Nikaipeleka kwa fundi saa wa Ngamiani. Aliizungusha mikononi, akavuta kiti karibu na dirisha, akaniambia niiache. Nilipoirudia ilikuwa imesafishwa na kutiwa mafuta, na kiputo cha hewa kwenye pimamaji yake kilikuwa kinatembea taratibu kama zamani. Niliipima kwa siku mbili uwanjani nyuma ya nyumba, kati ya kona ya ukuta wa jirani na mnara wa simu, mpaka nikaridhika kwamba haijasahau kazi.

Nilifika kijijini alasiri. Mama, ambaye sasa anaishi huko kwao, alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka. Baada ya salamu aliniuliza swali moja tu, bila kuinua macho kwenye ukili wake.

"Na makaburi je?"

Nikamwomba aniambie vizuri.

"Maiti hulazwa ubavu, uso kwenye kibla. Kama msikiti umekosea, na mama yangu je? Tumemlaza anatazama wapi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikamwambia nitapita huko pia.

Kesho yake asubuhi nilimwomba binamu yangu afuatane nami. Hakuwa amefurahi kuniona, alidhani nimeletwa nimshinde. Nilimwomba simu yake aishike wazi, nami nikashika dira ya baba, tukaanza kutembea. Karibu na mihirabu mshale wake ulikwenda mashariki, na sindano yangu nayo ikaenda mashariki. Kwenye nguzo za pembeni, zilizoongezwa miaka ya karibuni zikajaa nondo, vyote viwili viliyumba. Karibu na mnara wa chuma wa tangi la maji vikageuka upande mwingine kabisa. Tukashuka mpaka ufukweni, mbali na mabati na nondo, na pale mshale wa simu na sindano ya dira vikatulia na kuelekea karibu mahali pamoja.

Binamu aliitazama simu yake, akarudi hatua kadhaa kuelekea msikitini, akaitazama tena.

"Kumbe ndani ya simu mna dira tu," akasema.

"Ndiyo. Ndogo, lakini dira."

Yeye ni fundi umeme, anajua sumaku kuliko mimi, na niliona limemuuma kwamba hakulifikiria mwenyewe. Sikulikazia. Nilimwomba anisaidie kuchimba shimo la kigingi, akaenda kuleta sururu.

Nilihitaji kaskazini ambayo kila mtu ataiona kwa macho yake, na isiyotegemea sumaku wala umeme. Kwa hiyo nilitumia chombo cha zamani kuliko vyote, yaani kijiti na jua. Kwanza niliurefusha mstari wa ukuta wa ubavuni, ule unaoelekea upande wa kibla, kwa kamba na fito, ukatoka nje ya kivuli cha msikiti mpaka uwanja wa mpira. Hapo mwisho wa mstari nikasimamisha kijiti, nikakinyoosha kwa timazi, na kukizunguka nikachora duara kwa kamba. Wakati wa kipupwe jua letu liko upande wa kaskazini, kivuli huangukia kusini. Asubuhi kivuli kilikuwa kirefu, kimepita nje ya duara. Kikawa kinafupika kidogo kidogo, na ncha yake ilipogusa duara kuingia ndani, nikapigilia msumari wa mti. Kisha tukangoja.

Watu walikuja na kuondoka. Mjomba aliletewa kiti akakaa upande mmoja wa uwanja, mwanawe akachuchumaa upande wa pili. Imamu alikuja baada ya adhuhuri akaniuliza maswali mazuri, kwa nini duara, kwa nini tusitumie tu kivuli kifupi kuliko vyote. Nikamwambia kivuli kifupi ni kigumu kukikamata, kwa sababu mchana hubaki karibu vilevile kwa muda mrefu, lakini kivuli kinachogusa duara unakikamata waziwazi. Alasiri ncha ya kivuli ikarudi kugusa duara upande wa pili, ikitoka nje. Nikapigilia msumari mwingine. Nikakunja kamba katikati ya misumari ile miwili, nikapata nukta ya katikati, na kutoka nukta hiyo kupitia kijiti ukawa ndio mstari wa kusini na kaskazini. Hata waliokuwa wanabisha waliuinamia wakautazama.

Ndipo nikang'oa kijiti na kusimamisha thiodolaiti mahali pake. Binamu alishika fito kwenye mstari wa kaskazini, kisha akaihamishia kwenye mstari wa ukuta. Nilisoma upande mmoja wa duara, nikaipindua darubini nikasoma upande wa pili, kama nilivyofundishwa, ili kosa la chombo lijifute lenyewe. Kutoka hapa kwetu Makka iko karibu kaskazini kabisa, na chembe tu kuelekea mashariki. Ukuta wa msikiti haukuwa hapo. Ulikuwa umelala magharibi, nyuzi chache.

Nikasoma tena. Nikapanga upya miguu mitatu, nikasoma mara nyingine. Ulikuwa umelala magharibi.

Kosa lenyewe halikuwa kubwa. Simu zilikuwa zimesema mbali zaidi, tena upande ule mwingine. Lakini baba hakuwa mtu wa kuacha nyuzi chache. Nimemwona akirudia mstari wa shamba zima kwa ajili ya kosa dogo kuliko hilo. Nilimwambia mjomba kwamba nitatoa jibu kesho, nataka kuhakikisha, na niliona jinsi alivyonitazama, nikajua amekwisha kuelewa kwamba jibu si lile alilolitaka.

Nilirudi kwa mama nikakaa naye barazani. Sikuwa nimepanga kumwambia, lakini nilimwambia. Nilisema ukuta umekwenda magharibi kidogo, na sijui baba alifanyaje. Mama aliendelea kusuka.

"Baba yako alijua," akasema.

Akanieleza kwa utulivu, kama mtu anayesimulia arusi ya jirani. Msikiti wa zamani ulipobomolewa, ukuta wa mihirabu haukubomolewa. Ulikuwa wa mawe ya matumbawe, mzima, imara. Baba aliupima akaona umelala, akaenda kumwambia imamu wa wakati huo. Imamu akamuuliza umelala kiasi gani. Baba akatandika mkeka, akamwonyesha kwamba tofauti yake mwisho wa mkeka ni upana wa kiganja. Imamu akafikiri, akasema uelekeo ni uleule, hatuvunji ukuta ambao wazee wetu wameuswalia, kwa ajili ya upana wa kiganja tu, jengeni kwa kuufuata. Wanawake walikuwa wamekwisha kubeba chokaa na mawe kutoka ufukweni, mama mwenyewe akiwa miongoni mwao, na hapo ndipo baba alipomwona mara ya kwanza. Baba akaufuata ukuta kama alivyoagizwa.

"Kwa nini hukusema siku zote hizi?" nikamuuliza. "Watu wanagombana."

"Mimi nimesikia wanagombana habari ya simu," akasema. "Nani aliniuliza mimi habari ya ukuta?"

Asubuhi nilipita makaburini na dira. Hakuna chuma pale, ni mawe na mivinje tu. Niliyapima mengi. Hakuna kaburi lililolingana na lingine kikamilifu, kila mchimbaji alikuwa ametumia jicho lake, lakini waliolazwa humo wote walitazama karibu kaskazini ileile, hawa huku kidogo, hawa kule kidogo. La bibi lilikuwa miongoni mwa yaliyonyooka zaidi. Nilipomwambia mama, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi wanatazama." Akaingia ndani kuwasha moto.

Kisha nikaupima ukuta kwa mashine yangu ya setilaiti pia, kwa sababu mimi ni mpima ardhi wa leo na nisingeweza kulala bila kufanya hivyo. Ilikubaliana na baba na jua, isipokuwa tofauti ndogo ambayo hakuna mguu wa mtu unaoweza kuihisi.

Baada ya alasiri imamu aliwakusanya watu nje ya msikiti, akaniomba niseme. Nilisema yote. Nilisema simu zimedanganywa na nondo na mabati, na nikamwomba binamu aeleze mwenyewe alivyoona ufukweni, naye akaeleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Nikasema ukuta nao si sawasawa, umelala magharibi kwa upana wa kiganja mwisho wa mkeka. Nikaeleza habari ya imamu wa zamani na uamuzi wake, na kwamba mama yangu ni shahidi. Wazee wawili walikumbuka, au walisema wamekumbuka.

Mjomba alikuwa ameinamia fimbo yake. Mwisho akauliza, "Kwa hiyo nani alikuwa sahihi?"

"Hakuna, mjomba," nikamwambia. "Ila wewe ulikuwa karibu zaidi."

Watu wakacheka kidogo, na mwanawe akacheka pia. Mjomba hakucheka. Alimtazama mwanawe, akamwambia, "Lakini wewe ndiye uliyeuliza." Sijui kama alikusudia kumsifu, lakini ndivyo kijana alivyolipokea, maana niliona uso wake umekunjuka.

Imamu akaamua hivi. Kwa kuwa sasa hakika imejulikana na kuifuata hakumgharimu mtu chochote, mihirabu itabaki ilipo, na mistari mipya itapigwa rangi sakafuni, na kila mtu atasimama kwa kufuata mistari, imamu kwanza. Hakuna swala ya zamani inayotiliwa shaka. Alisema neno hilo mara mbili, na la pili alilisema akimtazama mjomba.

Siku iliyofuata, kati ya swala na swala, nilitawadha nikaingia ndani. Sikuwa nimeingia mle tangu nilipokuwa msichana mdogo, na ndani palikuwa padogo kuliko nilivyopakumbuka. Tulipitisha mstari mlangoni kutoka uwanjani. Mimi nilikuwa kwenye darubini na binamu ndani na penseli, akisogea kushoto na kulia kwa mkono wangu. Imamu akavuta kamba ya chokaa. Mjomba alikataa kukaa kitini. Alipiga magoti akapaka rangi ya kijani mistari yote mwenyewe, polepole, na mwanawe akitangulia mbele yake akishikilia ubao wa kunyooshea. Walizungumza mambo ya rangi tu, kama ni nzito, kama iongezwe mafuta. Walipofika mstari wa mwisho, nje kulikuwa na watu wanasubiri rangi ikauke.

Sikuona waliposimama kuswali. Nilikuwa kwa mama. Baadaye alinieleza alivyosikia, kwamba mjomba na mwanawe walisimama bega kwa bega, mjomba upande wa kulia, na kwamba mtu mmoja wa safu ya nyuma bado anatandika mkeka wake mshazari, na imamu amemwacha.

Kabla sijafunga vyombo, mjomba alikuja uwanjani akaomba achungulie. Nikamsimamishia darubini usawa wa jicho lake. Akastuka kidogo, akaniuliza mbona minazi imesimama kwa vichwa. Nikamwambia darubini za zamani ndivyo zinavyoonyesha, huleta kila kitu juu chini, na mpimaji huzoea. Akachungulia nyumba yake, akachungulia kuku. Kisha akaniuliza Pemba iko upande gani hasa. Mkewe ni mtu wa huko, na mwaka huo alikuwa amekwenda kuwasaidia ndugu zake kuchuma karafuu. Nikaigeuza darubini mashariki, nikaifunga skurubu. Nilimwambia ni mbali, hataona kisiwa, ataona maji tu. Akasema haidhuru. Akaweka mikono mgongoni, akainama, akatazama bahari iliyokuwa juu na mbingu iliyokuwa chini, na hakuinuka mpaka mwanawe alipokuja kutuambia chakula kimeiva.